Uzi: Siku tatu Misheni Ndanda, na safari hii hakuna aliyekuwa anaumwa

Mtoto wa Ligula

Wakuu, heshima kwenu.

Huku kwetu Kusini ukisema "kesho naenda Ndanda", mtu hakuulizi unakwenda kufanya nini. Anakuuliza nani anaumwa. Mimi nimezaliwa kwenye hospitali ile, wadogo zangu wawili wamezaliwa pale, na babu yangu alitolewa mtoto wa jicho pale pale, akarudi nyumbani akaanza kukosoa mavazi yetu. Lakini kuingia kwa wamonaki wenyewe, kulala kwao, kula nao, sijawahi. Miaka arobaini na kitu napita barabarani, naona mapaa ya misheni chini ya mlima, naendelea zangu Masasi.

Mimi ni karani wa chama cha msingi, wenye korosho mnanielewa. Minada ilipokwisha na wakulima kulipwa (wapo wanaonitukana mpaka leo, salamu zenu nazipata), kichwa kilikuwa kizito hata usingizini nasoma uzito wa magunia. Mke wangu akasema nenda kalale mahali pasipo na mizani. Nikapiga simu Ndanda, nikaomba nafasi nyumba ya wageni. Bruda aliyepokea aliuliza jina, siku ngapi, na kama nakula kila kitu. Basi.

Nilipanda gari Mtwara alfajiri. Supu Mnazi Mmoja, halafu Mtama, Nyangao, Nanganga. Ukishaanza kupandisha bonde la Lukuledi, mlima wa Makonde unakusindikiza mkono wa kushoto mpaka unafika. Januari ilikuwa kijani tupu. Konda alikuwa anasimulia mpira, akanipitiliza. Nilishushwa mbele huko, nikarudi kwa miguu na begi kichwani, mvua inanyesha, ndivyo nilivyobisha hodi kwa watawa: kama kuku aliyetolewa kisimani.

Bruda wa wageni hakusema pole ndefu. Alichukua begi, akanipa taulo, kisha chai. Baadaye ndipo akaniambia kuwa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, yaani sheria ya maisha yao, ile iliyoandikwa karne ya 6 yenye sura 73, sura ya 53 inasema mgeni yeyote apokewe kama Kristo mwenyewe. Nikamuuliza hata akija na matope? Akasema wengi ndivyo wanavyokuja.

Chumba: kitanda, chandarua, meza, kiti, msalaba. Hakuna televisheni. Usiku wa kwanza nilikuwa kama mlevi aliyenyimwa, mkono unakwenda kwenye simu wenyewe.

Kengele ililia bado giza. Wanaingia kanisani kimya, wanakaa pande mbili wakitazamana, wanaimba zaburi kwa kupokezana. Sasa sikilizeni kituko. Katikati ya kila mstari wananyamaza, pumzi moja tu, halafu wanamalizia. Sikulijua hilo. Nikajimwaga na sauti yangu ya kwaya ya kigango, mstari wa kwanza nikaunganisha moja kwa moja. Kanisa zima kimya, nasikika mimi. Hakuna aliyegeuka. Mzee mmoja upande wa pili alikohoa tu, na mpaka leo naamini hakuwa na kikohozi.

Nakuja na sehemu ya pili, kuhusu maji. Ndiyo iliyonifanya niandike.

---

Kangomba

Nafasi ya mbele hapa. Ila mkuu, mimi nilikuwa najua monasteri zinajengwa mlimani. Picha zote za kalenda ni jumba juu ya jabali na ukungu. Ndanda ipo bondeni. Au hao wetu walichoka njiani?

---

Dada wa Masasi

Kangomba umenichekesha, lakini umeuliza la maana. Mimi nilibahatika kwenda hija Italia na wanaparokia wenzangu, tukapelekwa Monte Cassino, ndipo Benedikto alipoanzisha monasteri yake mnamo mwaka 529. Ni mlimani kweli. Basi linazunguka kona baada ya kona, mama mmoja wa kwetu akawa anasali rozari huku amefumba macho, si kwa ibada, kwa hofu ya korongo. Ukishuka unakuta mlango umeandikwa PAX, yaani amani, halafu uwanja mweupe na nguzo, na mji wa Cassino uko chini kama vichuguu.

Na amani yenyewe imewaponyoka mara nne. Walombardi waliibomoa karne ya 6. Wasaraseni wakaichoma 883. Tetemeko la 1349 likaiangusha. Halafu 15 Februari 1944, vita vya pili vya dunia, ndege za Marekani zikaifanya kifusi mchana kweupe, kwa kudhani Wajerumani wamejificha ndani. Ndani walikuwemo watawa na raia waliokimbilia hifadhi. Na baada ya kuibomoa ndipo Wajerumani wakaingia kwenye kifusi, kikawa kinga nzuri kuliko jengo! Wapolandi ndio waliofika juu tarehe 18 Mei, na makaburi yao yapo pale mlimani, zaidi ya elfu moja, yamepangwa kama mahindi. Yale niliyatazama muda mrefu kuliko kanisa.

Kwa hiyo unaloliona leo ni jengo la baada ya vita. Papa Paulo VI alilitabaruku 1964. Kaburi la Benedikto na dada yake Skolastika lipo chini ya altare kuu.

Ila nikuambie ukweli, niliporudi na kupita Ndanda kumtazama shangazi wodini, nilijisikia nimeshafika kule kabla ya kwenda. Harufu ile ile ya nta na sakafu iliyopigwa deki.

---

Kangomba

Dada shukrani. Yaani bomu limewapa adui pango. Naendelea kusubiri maji.

---

Mtoto wa Ligula

Sehemu ya pili.

Siku ya pili nilimuuliza bruda swali hilo hilo la Kangomba: mlima huu hapa, mbona mlikaa chini? Hakujibu, akasema vaa viatu vinavyoshika, tukapande.

Njia inaanza nyuma ya misheni, inaingia msituni. Joto la bondeni linakatika ghafla kama umefungua mlango wa chumba kingine. Udongo mweusi, mizizi imejipanga kama ngazi, na sauti ya maji huyaoni. Nilikuwa nimevaa suruali ya kazini, ile ya kitambaa, kwa sababu nyingine ililowa jana yake. Nikateleza. Suruali ikapasuka kuanzia mfukoni mpaka gotini. Bruda, mwenye miaka yake sitini na ushee na kanzu, alikuwa mbele anapanda kama mbuzi.

Tukafika yanapotokea. Nilitegemea maporomoko ya kutisha. Ni mwamba umelowa, jani la mwitu limejikunja, na maji yanatoka chini yake bila kelele, baridi ya kuuma meno. Nikaweka kiganja. Yanatoka tu. Hayana haraka.

Akanieleza hivi. Juu ya mlima, uwanda wa Makonde, ardhi ni mchanga. Mvua ikinyesha haikai, hakuna mto, hakuna ziwa, inazama. Inashuka ndani kwa ndani mpaka ikutane na tabaka lisilopitisha maji, kisha inatafuta pa kutokea, na pa kutokea ni huku miguuni kwa mlima. Kwa hiyo juu mlima ni mkavu, chini unavuja. Mtu akitaka mandhari akae juu. Akitaka kuishi, na shamba, na karakana, na hospitali, akae hapa.

Halafu akaitaja sura nyingine ya Kanuni, ya 66: monasteri ijengwe, ikiwezekana, vyote vya lazima viwe ndani yake, yaani maji, kinu, bustani na ufundi wa aina mbalimbali. Maji yanatajwa kwanza. Mlima hautajwi.

Nikaona kumbe nimepita barabarani maisha yangu yote nikidhani mlima ule ni pambo nyuma ya misheni. Kumbe mlima ndio unaoilisha. Maji yale yanashuka yakitumika kila mahali, na hayo ya chupa ya Ndanda tunayokunywa kwenye maharusi huku Mtwara yanatoka mlimani humo humo.

---

Bibi wa Newala

Wajukuu, mjukuu wangu ananisaidia kuandika. Hayo maji mnayoyasimulia kama hadithi mimi nimeyabeba.

Sisi watu wa juu tulikuwa tunashuka. Mama alikuwa anatuamsha jogoo la kwanza. Mnashuka na mitungi mitupu mnaimba, mnapanda na mitungi imejaa hakuna anayeimba. Ukifika nyumbani jua limesimama utosini, na maji yale ni ya kunywa na kupikia, kuoga ni habari nyingine. Ukimwaga kwa uzembe unachapwa, na hakuna anayekuonea huruma. Wakati wa mvua tulikinga kwenye mapaa, tulichimba mashimo, hata maji yaliyokaa kwenye majani ya migomba tuliyakung'uta. Ndipo miaka ya hamsini ukaja mradi wa maji wa Makonde, mashine zikawa zinasukuma maji kutoka bondeni kupandisha juu. Siku bomba lilipotoa maji mara ya kwanza kijijini kwetu, bibi yangu alikataa kuyanywa. Alisema maji hayapandi.

Huyo karani akienda tena asivae suruali ya ofisini.

---

Mtoto wa Ligula

Shikamoo bibi. Nimekoma.

---

Bibi wa Newala

Marahaba mwanangu.

---

Mwalimu Mstaafu Nachingwea

Nimefundisha historia miaka mingi, niruhusuni niongeze nyama.

Ndanda si misheni ya kwanza ya Wabenediktini hawa. Shirika lao, la Mtakatifu Otilia, lilianzishwa Ujerumani 1884 na padri Andreas Amrhein, aliyetaka wamonaki watoke nje kwenda umisionari. Kituo chao cha mwanzo huku kilikuwa Pugu, nje ya Dar es Salaam, nacho kikateketezwa Januari 1889 wakati wa vita vya Abushiri. Wakaja Kusini: Lukuledi 1895, Nyangao 1896. Vyote viwili vikachomwa Agosti 1905, vita vya Maji Maji. Ndanda wameanza 1906, yaani ni mtoto wa majivu. Kumbe hao waliochomewa mara tatu hawakuwa na hamu ya mandhari.

Na tusisahau kuwa Masasi walikuwa wametanguliwa. Waanglikana wa misheni ya Vyuo Vikuu walileta watu waliokombolewa utumwani na kuwaweka Masasi mwaka 1876, wakati wa Askofu Steere. Ndiyo maana ukitoka Ndanda kwenda Masasi unabadili dhehebu kabla hujabadili gari.

1931 Ndanda ikawa abasia, yaani monasteri kubwa, yenye mamlaka ya eneo lake, kama jimbo, na abate (mkuu) wake Joachim Ammann, Mswisi, akawa pia askofu. Ikaendelea hivyo mpaka 1972 lilipoanzishwa jimbo la Mtwara na Askofu Maurus Libaba kukabidhiwa uongozi. Tangu hapo wamonaki wakabaki na umonaki wao na kazi zao. Hospitali nayo ina historia yake: Sista Thekla Stinnesbeck, daktari, alifika 1927. Fikirini daktari mwanamke, Kusini, mwaka huo, na barabara zile.

Rais Mkapa, mtoto wa Lupaso, naye alisoma Ndanda.

---

Mjukuu wa Nandete

Mwalimu heshima yako, lakini "vikachomwa" umeipitisha kama upepo ndio uliochoma.

Babu zetu hawakuamka tu asubuhi wakaamua kuchoma makanisa. Walikuwa wanalimishwa pamba kwa kiboko, akida, wakala wa serikali ya Wajerumani, amesimama, malipo ya kuchekesha, na mashamba yao wenyewe yanaota majani. Kinjikitile wa Ngarambe aligawa maji ya dawa, watu wa kabila hili na lile wakaamini jambo moja kwa mara ya kwanza. Wakamnyonga 4 Agosti 1905, vita bado mbichi. Halafu Wajerumani wakachoma maghala na mashamba, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Kwa mtu wa Umatumbi au Liwale, Mzungu wa kanzu na Mzungu wa bunduki wameshuka meli moja. Angewatofautishaje?

Kwa hiyo ninyi mkilala nyumba ya wageni mkasikia zaburi, ni sawa. Mimi nikipita Nyangao nasikia kingine.

---

Mwalimu Mstaafu Nachingwea

Kijana, sikupingi hata neno moja hapo. Nakuongezea tu upande wa pili wa kaburi. Askofu Cassian Spiss aliuawa 14 Agosti 1905 karibu na Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili, wakiwa safarini kwa miguu kutoka Kilwa kwenda Peramiho. Hawakuwa kikosi cha vita. Mwezi ule ule, Nyangao iliposhambuliwa, Sista Walburga Diepolder naye aliuawa. Ulivyouliza angewatofautishaje, ndivyo wao pia wangeuliza: tungejitofautishaje? Hawakuwa wamejitofautisha vya kutosha, na gharama wakailipa watu ambao hawakushika kiboko.

Na bonde hilo halikupumzika. 15 hadi 18 Oktoba 1917, Mahiwa, jirani na Nyangao, Waingereza na Wajerumani waliuana siku nne. Askari wengi walikuwa Waafrika pande zote mbili, na wapagazi hawakuhesabiwa vizuri na yeyote.

---

Mjukuu wa Nandete

Hilo la wapagazi nimelipokea. Tuendelee.

---

Mtoto wa Ligula

Nimewasoma wote wawili, nami niseme nilichokiona tu. Siku ya tatu asubuhi nilizunguka makaburi ya wamonaki. Mistari ya mwanzo ni majina ambayo ulimi wangu unakwama, Kijerumani na Kiswisi, na ukipiga hesabu ya miaka unakuta wengine walikuwa vijana wadogo kuliko mimi. Ukisogea majina yanaanza kubadilika, unakutana na ya kwetu katikati yao, msalaba ule ule, urefu ule ule. Leo walio hai wengi ni Watanzania. Novisi (aliye kwenye mafunzo ya utawa) aliyekuwa anafagia pale alikuwa Mmwera wa Ruangwa, akanitania nilipomwambia mimi Mmakonde. Alisema basi nipishe njia, hapa ndani mtani hana chake.

Nilimuuliza kuhusu 1905. Alisema: "Babu wa babu yangu alikuwa upande ule mwingine." Akaendelea kufagia.

---

Totoz wa Mikindani

Uzi mtamu ila umekuwa mzito. Maswali ya wanyonge: bia ipo? Wanawake wanaruhusiwa? Nivae nini?

---

Mtoto wa Ligula

Haha. Wanawake wanapokelewa nyumba ya wageni bila tatizo. Kule ndani wanakoishi wamonaki wenyewe huingii, hata mimi mwanaume sikuingia hovyo, nilikaribishwa mlo mmoja tu. Vaa kama unakwenda kuwasalimia wakwe. Simu zima kabisa ukiingia kanisani. Usiweke mtetemo: mtetemo juu ya benchi la mbao ni ngoma, nimejaribu kwa niaba yenu.

Kuhusu kinywaji, sura ya 40 itakufurahisha. Benedikto anaandika kuwa divai haiwafai kabisa watawa, lakini kwa kuwa watawa wa siku zake hawakubali kushawishika, basi angalau wakubaliane kunywa kwa kiasi. Karne ya 6 hiyo! Mtu ameandika sheria huku amekwisha kata tamaa na wateja wake. Nilicheka peke yangu chumbani.

Na huo mlo mmoja niusimulie. Watu hawaongei mezani. Kijana mmoja anasoma kitabu kwa sauti, wengine wanakula. Ulikuwa ugali, kunde na samaki. Kunde zangu nikaona zimepungua chumvi, na kibakuli cha chumvi kipo mbali, na kuomba siwezi. Nikaanza kuvumilia. Mmonaki aliyekaa mbele yangu, hata hakuniangalia usoni, akakisukuma kibakuli kwa vidole viwili mpaka kikagusa sahani yangu. Baadaye nikaambiwa hilo nalo limo kwenye Kanuni, kwamba wakiwa mezani wahudumiane ili mtu asilazimike kuomba. Nyumbani kwangu tunapiga kelele meza nzima, na chumvi haifiki.

---

Ami wa Mchinga

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni Muislamu, mama yangu ana miadi hospitali ya Ndanda wiki ijayo, nami ndiye msindikizaji. Nikisema nipite kwa hao mabruda nione chemchemi, hawataniona kama nimekuja kubatizwa? Na kuhusu chakula, nguruwe?

---

Dada wa Masasi

Waalaykum salaam ami. Nusu ya wodi pale ni kanzu na baibui, na hakuna anayeulizwa dini kabla ya sindano. Kwenye familia yetu Kwaresima na Ramadhani zikigongana mpishi anapata likizo. Nenda, useme mapema usichokula. Yule bruda si aliuliza kwenye simu? Ndiyo maana yake.

---

Mtoto wa Ligula

Ami nenda. Ukifika, nina ombi la aibu. Ile suruali iliyopasuka niliiacha chumbani chini ya kitanda, nikijua itatupwa. Juzi nimepigiwa simu, naambiwa suruali yako ipo, uje uichukue. Nikasema itupeni tu bruda, imekufa. Akasema hapa hatutupi, tuna fundi. Kama hutajali nakuomba unibebee.

---

Kangomba

Uzi umegeuka wa suruali.

---

Fundi wa Mtama

Asicheke mtu. Baba yangu alijifunza useremala kwenye karakana za misheni, na kitanda alichotutengenezea nalalia mimi mpaka leo, hakilii. Huku kwetu ukiona fundi mzee anayepima mara mbili kabla ya kukata, muulize alijifunzia wapi. Na kabatini kwa mama bado kuna vitabu vyenye chapa ya Ndanda, vingine karatasi zimekuwa rangi ya chai lakini ukurasa haujachomoka hata mmoja. Waliofunga vitabu vile walikuwa watu wa vijiji hivi hivi.

---

Bibi wa Newala

Huyo ami akipanda huko kwenye maji anikumbuke. Aseme tu kimoyomoyo kwamba kuna mtu wa juu anasalimia.

---

Ami wa Mchinga

Nimerudi wakuu. Mama hajambo, amepewa dawa na tarehe nyingine.

Wakati anasubiri vipimo nilikwenda kwa bruda, nikajitambulisha. Hakushangaa hata kidogo. Nilipomwambia naomba kupanda, akanitazama miguuni kwanza. Nilikuwa na makubazi. Akaingia ndani, akatoka na raba za mtu, zimenizidi namba moja, akanipa na soksi.

Bibi, nimefika. Nilitawadhia pale pale kwenye mwamba, baridi yake siisemi, nikaswali Adhuhuri kwenye kijisehemu kikavu. Bruda alisogea pembeni akakaa kwenye jiwe, akasubiri mpaka nikatoa salamu. Wakati wa kushuka aliniuliza kama nimemaliza yote, kwa sababu hatuna haraka. Salamu zako nimezifikisha bibi, kwa sauti, maana kimoyomoyo nilisahau.

Sasa nipo Nanganga na mama, tumekaa kivulini tunasubiri gari la kuelekea Lindi. Karani, suruali ninayo, imekunjwa kwenye gazeti. Mshono umepita ndani, ukiwa huambiwi huuoni. Mfuko uliochanika wamekutolea, wamekuwekea mwingine wa kitambaa kizito cheusi, kama kile cha kanzu zao. Na ndani ya mfuko kuna shilingi mia mbili na tiketi ya gari, wamesema ni vyako, vilikuwemo.